Magoti Yangu Mbele ya Mama Mkwe

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena! Leo nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu miwili, bila fimbo, na sifa zote ni za Yesu.

Ndugu zangu, mnanijua mimi Mama Neema, muuza vitenge wa hapa Tunduma. Na nilivyokuwa mnajua! Nilipochaguliwa kuongoza akina mama kanisani, kichwa kilivimba. Kwetu Wanyiha, mke akimsalimia mama mkwe hupiga magoti na kupiga makofi taratibu. Mimi nikaacha. Nilifika kijijini na viatu vya kisigino, nikamnyooshea mkono mama wa watu nikiwa wima. Baba Neema aliponiuliza, nikamjibu, "Mimi nimeokoka. Napiga magoti kwa Mungu tu."

Nilitumia jina la Mungu kufunika kiburi! Mama mkwe akaacha kuja kwetu, mume wangu akawa anakwenda kumwona peke yake. Nyumba ikapoa. Tulikula meza moja kama wageni waliokutana hotelini.

Ndipo bodaboda ikaniangusha karibu na mpaka, nikitoka Nakonde, upande wa Zambia, na mzigo wangu. Goti la kulia likavunjika. Nikalala ndani, hata chooni siwezi kwenda. Akina mama wenzangu walikuja, wakaomba, wakarudi kwenye biashara zao, wala siwalaumu.

Asubuhi moja mlango ukafunguka. Mama mkwe, na kikapu cha maharage kichwani! Kwa aibu nikageukia ukutani. Alichemsha maji, akaweka beseni chini, kisha yule mama mzee akapiga magoti kwenye saruji, akaanza kuniosha miguu. Ndugu zangu, nililia! Habari ya Bwana kuwaosha wanafunzi wake miguu nilikuwa nimeifundisha vizuri sana, na nilikuwa sijaielewa.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Nyamaza, mwanangu, maji yatapoa," akajibu.

Aliniuguza mpaka nikaweza kukanyaga. Plasta ilipofunguliwa, goti lilikuwa gumu, na nikawa na ombi moja tu: Bwana, likunje hili goti nikamsalimie mama. Naye akasikia! Nilipopata nafuu tulikwenda kijijini na Baba Neema. Nikashuka pale uani polepole, nimeshika ukuta, maumivu yakipanda mpaka kiunoni. Nikapiga makofi. Mama naye akashuka, akanikumbatia, tukakaa vumbini tukilia na kucheka mpaka Baba Neema akatuinua wote wawili.

Leo amekuja, ameketi benchi la nyuma. Mama, simama wakuone! Mnaona? Anatikisa kichwa, hataki.

Ndugu yangu, kama kuna mtu umekataa kushuka mbele yake, mwamini Yesu, ushuke. Usiogope. Mimi nilishuka, nikamkuta Bwana yuko kule chini ananisubiri. Anayetaka kuombewa aje hapa mbele, nitapiga magoti pamoja naye. Ila mnivumilie kidogo, goti hili bado linashuka taratibu.