Saa za Uswisi na Simu ya Rombo

Benchi letu liko mbele ya londri, karibu na stesheni ya treni ya Takoma Park, hapa Marekani. Kila Jumapili asubuhi naleta chupa ya kahawa ya tangawizi, na kwa kuwa kahawa ni yangu mimi, Mwatumu, porojo zote hupita kwangu. Kipkemboi tunamwita Rubani, maana anasukuma viti vya wagonjwa uwanja wa ndege wa Dulles. Solomon, Mkongo, ni Dokta. Hajawahi kutibu hata kuku. Kalisti ni Dakika, hachelewi. Miaka minane aliandikiana barua na mama yake, hadi Mei hii, 1998, parokia yao Rombo ilipopata simu. Tangu hapo, Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nne kamili asubuhi ya hapa, saa kumi na moja jioni ya kule, anampigia. Sisi wengine hatuna wa kumpigia, kwa hiyo simu ya Dakika tunaingoja sote. Hii ya Oktoba ilikuwa nzito: kesho yake mama alikuwa apasuliwe jicho, na alishasema hakubali kisu kabla ya kusikia sauti ya mwanawe.

Rubani alikuja na jarida alilookota uwanja wa ndege.

— Wasee, cheki hii. Kampuni ya Uswisi imefikisha miaka mia na hamsini, imetoa saa mpya kumi na mbili za kusherehekea. Hii moja iko na mshale wa ziada. Unakuonyesha saa za kwenu.

— Kwenu wapi? nikauliza.

— Popote, Da Mwatumu. Una-set tu.

— Hapana, Dokta akadakia. Haina ku-set. Ile montre, ile saa, iko na sumaku. Inavuta kwenye ulizaliwa.

— Na aliyezaliwa ndani ya basi? Rubani akauliza.

— Bon, mshale wake unazunguka tu.

— Wameandika haiingii maji, Rubani akasoma. Mita mia.

— Si ndiyo hapo, Dakika akasema. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Methali hiyo inaingiaje hapa? nikauliza.

— Saa hii huivui hata ukioga.

Dokta akainama kama anatoa siri ya serikali.

— Kule Suisse, juu ya milima, hewa ni nyembamba, dakika zinakuwa refu. Wanazijaza ndani ya saa, wanafunga. Mwenye kuvaa hazeeki.

— Wacha! Rubani akasema. Na mimi mwenye saa ya plastiki?

— Wewe unazeeka kwa niaba yake.

Tukacheka. Kicheko cha benchi letu hakidumu; mara kila mtu akawa anatazama magari yanayopita, peke yake.

— Ningemnunulia mama, Dakika akasema. Kusoma saa hajui. Lakini angeuona mshale unatembea, ajue nipo.

Nilimwongezea kahawa.

Hapo akafika binti mgeni, Vumilia, mwezi wa pili Marekani, bado na sare ya kazini. Anatunza wazee Silver Spring.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

— Nimechoka, mama. Usiku wamerudisha saa zote nyuma kwa saa moja, eti ndivyo wafanyavyo kila baridi ikikaribia, nikafanya zamu ya saa kumi na tatu badala ya kumi na mbili.

— Sisi tumepewa saa nzima ya bure, Rubani akasema. Nimelala fiti.

Dakika aliangalia saa yake, kadi ya simu mkononi.

— Saa nne kasorobo. Bado robo saa.

Vumilia akapiga mwayo.

— Na nyumbani nako wamerudisha?

Dokta alihesabu vidole, akaanza upya. Miaka yote hii ughaibuni, na hakuna aliyewahi kuhitaji kujua.

Dakika aliacha kikombe, akakimbilia simu ya stesheni. Tulimwona mgongo tu. Aliporudi, alikuja polepole.

— Umempata?

— Nimempata katekista, anafunga ofisi ya parokia. Kule hawarudishi chochote; saa nne yetu ya leo kwao ni saa kumi na mbili. Mama alikuwa pale kabla ya saa kumi na moja jioni. Kangoja hadi na nusu, akasema, "Mwanangu hachelewi, basi kuna baya limempata." Kaondoka analia.

— Si katekista amkimbilie!

— Amesema atajaribu. Kwetu ni mbali, giza linaingia, na gari la hospitali linamchukua alfajiri.

Nikamwambia atafikiwa tu. Niliyasema bila kuyaamini, naye alijua.

Akakaa, akaishika ile kadi kwa mikono miwili.

— Ningekuwa mchelewaji, Da Mwatumu, angenisubiri.