Ange Niyomwungere na Chumba cha Biolojia

Wasikilizaji wapendwa, wa Kasulu, wa Kibondo, nanyi mlioko Nyarugusu, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Ange Niyomwungere, binti wa Makere. Ange wa maabara. Wiki iliyopita tulimzika.

Ange alikuwa fundi sanifu wa maabara ya biolojia, chuo kikuu kimoja kule pwani. Maabara jina tu! Mabomba makavu, feni imekwama, darasa zima linagombea hadubini mbili. Na hata hicho chumba wakubwa walikitaka kiwe ofisi. Walingoja siku watakayokikuta kitupu, waseme hakitumiki. Ange akawashtukia. Akaweka sharti: saa zote za kazi lazima awemo mwanafunzi. Huyu anachora jani, yule anapasua panzi. Maji akayachota kwa ndoo mwenyewe. Mkubwa mmoja alipoingia na futi kamba, Ange alimwambia, "Nipime na mimi, maana sitoki."

Ugonjwa wa ini ndio uliomtoa.

Wanafunzi wake wakausindikiza mwili hadi Makere, wote. Na mnajua kwetu: msiba ukiingia, jembe linalala. Anayeondoka kabla matanga hayajaanuliwa atasemwa mpaka azeeke. Watoto wale wana adabu. Baada ya maziko wakatandika mikeka, wakakaa.

Mama yake Ange, Mama Akimana, alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Akawatazama wale vijana, moyo ukamlipuka.

"Kile chumba kina nani?"

"Hakuna mtu, mama," akajibu Claude, kiongozi wa darasa. "Tumekuja wote kumzika dada."

"Oya, bana banje! Hapana, wanangu! Mwenzenu amekufa akikilinda, ninyi mmekiacha hivyo? Inukeni. Rudini leo hii."

Bazilio, baba mdogo wa marehemu, akang'aka. "Shemeji, matanga bado! Watu watasemaje?"

"Waseme mpaka wachoke. Ange nimemzaa mimi. Mwenye msiba ni mimi, na ruhusa natoa mimi."

Mama akawafungia vijana mihogo ya kuchemsha ya kula njiani, akawasindikiza hadi barabarani, kitambaa cha msiba kichwani. Huko nyuma watu walinong'ona, na hakugeuka.

Claude ametupigia simu asubuhi hii. Anasema walikuta meza za ofisi zimeshushwa mlangoni, bado kuingizwa tu. Wakazipita, wakaingia na mabegi yao, wakakaa, wakaanza somo. Mpaka ninavyoongea nanyi, meza ziko nje na watoto wako ndani.

Mama Akimana, pole sana, mama yetu. Mzee Bazilio na ukoo wote, poleni. Mungu ampumzishe Ange. Nawe unayenisikiliza, jiulize: hapo ulipo, ni kitu gani cha watoto wetu kinachongojewa tukipe kisogo ili kichukuliwe? Ukishakijua, kaa hapohapo. Usiondoke.