Dole Gumba la Mama

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

BOSI: Shikamoo mama. Ni mimi, Bosi. Kifungua mimba wako.

MAMA: Marahaba. Yule wa kiume?

BOSI: [akishusha pumzi] Ndiyo, yule wa kiume. Dawa za presha umekunywa?

MAMA: Kama daktari alivyosema.

BOSI: Zote, usiruke hata moja. Sasa sikiliza. Kesho saa nne nakuja na karatasi. Utaweka dole gumba tu, basi, unarudi kulala.

MAMA: Karatasi ya nini?

BOSI: Ya kliniki.

MAMA: Si najua kusoma? Nita—

BOSI: Ulikuwa unajua, mama. Ulikuwa. Usijichoshe.

MAMA: Haya. Na cherehani yangu?

BOSI: Hilo tumeongea mara ngapi? Ulimpa mtu mwenyewe, ukasahau.

MAMA: Nilimpa nani?

BOSI: [mikwaruzo ya simu] ...jirani. Yule aliyehama.

MAMA: Mwezi uliopita uliniambia imeibwa. Kabla ya hapo, iko kwa fundi.

BOSI: Mama?

MAMA: Nipo. Tena nipo kweli kweli.

BOSI: Nani kakufundisha ku—

MAMA: Unakumbuka uliponipeleka kwa daktari, ili akuandikie barua kwamba akili zangu zimeruka?

BOSI: Nilikupeleka kwa nia nzu—

MAMA: Ukaniacha kwenye benchi, ukaenda nje kuongea na simu. Daktari akanipima presha nimekaa, akanipima nimesimama, ikaporomoka. Akasema kwa umri huu dawa zimenizidi, huenda ndizo zinanitia ukungu kichwani. Akapunguza moja, halafu nyingine, polepole, na kila wiki dada yako ananipeleka kupimwa. Alisema si kila mzee atapata nafuu hivyo. Mimi nimeipata, mwanangu. Pole sana.

BOSI: Mbona hukuniambia?

MAMA: Nilitaka kukusikia.

BOSI: Mama, mtandao mbaya, nitakupi—

MAMA: Ukikata utajuta. Nakala ya hiyo karatasi uliiacha mezani juzi, ukadhani nitaifungia nyuzi tu bila kuisoma. Nimeisoma hadi nukta ya mwisho. Unauza nyumba yangu, na mimi nimo ndani.

BOSI: Nilikuwa nakutafutia pa kutu— Mama, tuongee wawili tu, taratibu. Usiwaambie wadogo zangu. Uso nitauweka wapi?

MAMA: Na mimi wangu niliuweka wapi? Miezi minane nalia chooni, mlango nimeufunga, nikiamini ni mimi niliyeipoteza cherehani iliyowasomesha nyinyi. Na wewe unanitazama machoni, unaniambia nimesahau.

BOSI: Nisamehe.

MAMA: Labda. Lakini si leo. Leo nina hasira, na ninaifurahia.

BOSI: Salio linaisha, mama. Kesho nakuja mwenyewe, napiga magoti—

MAMA: Ya nini kungoja kesho? Simu iko juu ya meza, sauti nimeifungua yote. Wadogo zako wote watatu wapo hapa, na yule mnunuzi aliyetajwa kwenye karatasi yako, kaletwa na dada yako. Wanakusikia tangu mwanzo. Haya, wasalimie.

BOSI: Mama, zima hiyo si—

[Simu imekatika.]