Mzee Laurian Thobias na Njiwa wa Nyuma ya Nyumba

Baba Paroko, ndugu waombolezaji, wazee wangu shikamooni. Mimi ni Theonest, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, mzee Laurian Thobias, ikanionya nisiwachekeshe, nami nimeahidi kujitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1936 hapa Nyakisasa, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1945, akawa karani wa chama cha ushirika wa kahawa hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 1991, siku ambayo wafanyakazi wenzake walimzawadia kamera, wakidhani atapiga picha za wajukuu.

Tarehe 17 Agosti 1960 alifunga ndoa na mama yetu Agripina, binti wa Runazi, wakajaliwa watoto watano, na hakuna hata mmoja wetu mwenye picha iliyopigwa kwa kamera ile, kwa kuwa mikanda yote iliishia kwa njiwa pori waliotua nyuma ya nyumba kula mtama alioanika mama, na kila mama alipowafukuza, baba alilalamika kwamba ndio kwanza walikuwa wamekaa vizuri.

Mwaka 1994 wakimbizi walipoingia, watu wa kambini walikuja kuteka maji kisimani kwetu, na asubuhi moja ya Julai, baba akiwa amelala kifudifudi migombani akiwavizia njiwa wawili kwenye ukingo wa karai, alibonyeza tu, msichana mmoja akapita nyuma yao na ndoo, baba akanuna siku nzima. Hata hivyo aliibeba picha hiyo pamoja na nyingine hadi gulio la Nyakahura, akazitandaza juu ya kitenge cha mama, akitumaini watu watastaajabu. Aliyestaajabu ni mkimbizi mmoja, Bi. Irakoze, aliyepoteana na bintiye wakati wa kuvuka mpaka, akaikamata picha ile, akapiga kelele, "Huyu ni Ineza wangu!" Baba, ambaye hakuwa ameelewa, akamjibu kwa upole, "Mama, mtazame kwanza huyo njiwa wa kushoto, mtoto ameingia kwa bahati mbaya."

Bi. Irakoze aliketi chini akalia, ndipo baba alipoelewa, akakunja kitenge, akampandisha kwenye lori la maharage, na jioni ile wakampata Ineza kambini, kwa familia iliyomwokota njiani. Tangu hapo kila mtoto aliyekuja kisimani alisimamishwa nyuma ya njiwa apigwe picha, watoto wakicheka, njiwa wakiruka, baba akifoka, na picha hizo akazizungusha kwenye magulio ya Ngara na Biharamulo kwa miaka. Hakupatikana mzazi mwingine, lakini hakuacha kuzibeba.

Januari 2003 alianza kuugua moyo, daktari akamkataza kulala chini kwenye umande, akakubali, akaomba godoro lipelekwe nje. Alifariki tarehe 2 Mei 2003, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, wafanyakazi wenzake wa ushirika, na majirani wote, hasa mliofunga paka wenu kamba miaka yote hii, sasa mnaweza kuwafungua. Wengi mmeuliza kwa nini picha iliyo juu ya jeneza ni ya kijana msiyemjua, ni yeye, alipigwa mwaka 1962 kwa ajili ya kitambulisho cha kazi, hatuna nyingine, kwa sababu hakumruhusu mtu yeyote kuigusa kamera yake.

Baba, pumzika kwa amani, tutakukumbuka kwa sura hiyo hiyo.