Jembe Halichemshwi

Katika basi la Sirari kwenda Tarime, Nyangi hakuhitaji kutega sikio. Mzee Nyamohanga, aliyekaa mbele yake na ukanda wa ngozi mapajani, alikuwa akimfokea jirani yake, Abdurahmani, fundi magari.

"Mipira ya maji ya hita ya gari langu ilivuja, nikaibadilisha nyumbani kwa mikono yangu! Nikaifunga kwa ngozi mbichi, ikakauka, ikabana kama chuma. Halafu wewe unanicheka?"

"Sikucheki, mzee wangu," alisema Abdurahmani, huku akicheka. "Maji ya moto hulainisha ngozi, ndiyo maana gari limemwaga maji yote. Pale panataka kibano cha chuma."

"Ngozi hii imeshika jembe la baba yangu kwenye mpini miaka ishirini!"

"Na hilo jembe, mzee, mlilichemsha lini?"

Nyangi akaziba kinywa kwa khanga.

"Ninyi watu wa spana mnadhani akili ililetwa na magari!"

Kwenye mlima basi likakohoa, likasimama, mvuke ukatanda kiooni. Dereva akafungua boneti, akachungulia, akarudi dirishani.

"Kibano cha mpira kimekatika. Nani ana ukanda wa ngozi?"

Mzee Nyamohanga akaukalia wake.

"Muulize fundi," alisema.