Puttamma Anaondoka Kwenye Kerezo la Dirishani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Karakana ya Jamii ya Wakereza, hapa Channapatna, mji wa vichezeo vya mti kusini mwa India, Bi Puttamma anastaafu tarehe 31 Mei. Anastaafu wakati oda za pia za kuzungusha na manyanga ya watoto zimejaa hadi Deepavali, sikukuu ya taa ya mwisho wa mwaka. Sisi wa dukani tulimsihi angoje, akakataa. Hatujafurahi, na hatutajifanya tumefurahi.

Aliajiriwa kupiga msasa, kazi waliyopewa wanawake wote. Makerezo, mashine za kuzungusha na kuchonga mti, yalikuwa ya wanaume. Siku alipolikalia lile la dirishani, fundi mmoja mwenye masharubu ya kujivunia alimtania: "Shemeji, hilo litakula sari yako." Naye, akiifunga ncha ya sari kiunoni: "Likila sari nitanunua nyingine. Likila masharubu yako, utayapata duka gani?" Leo, kati ya makerezo yetu tisa, sita yanaendeshwa na wanawake aliowafundisha yeye.

Ubingwa wake ni lakiri, nta ngumu ya asili iliyotiwa rangi za mimea. Kipande chake hubanwa kwenye mti unaozunguka mpaka kiyeyuke, kisha jani bichi la mkadi hupitishwa juu yake mpaka rangi ing'ae. Wanafunzi wapya hupenda kushika jani kavu, maana haliwaponyoki, na hukwaruza kila kitu. Puttamma hakuwakaripia. Aliwarudishia kichezeo wakikwangue hadi kwenye mti mtupu, waanze upya.

Miaka sita iliyopita mnunuzi kutoka Bengaluru alitaka tuache lakiri, tupulize rangi ya kopo. Kazi ingekwenda mara tatu kwa kasi, na kamati ilikuwa karibu kukubali. Puttamma akaja na vichezeo viwili. Cha lakiri akakitia kinywani mwake. Cha rangi ya kopo akampa mgeni: "Nawe tia chako, mwanangu. Si ndiko watoto watakakokipeleka?" Mgeni akacheka, akakigeuzageuza, akakiweka mezani. Hakurudi tena, wala oda zake. Watu wa mbali husifu msimamo kama huo; sisi tuliula msimu mzima kwa ugali wa ulezi na chumvi. Lakini kopo halikuingia.

Kilichokuwa kikitukosesha usingizi ni hiki: siku akiondoka yeye, nani atakataa? Mwezi uliopita mnunuzi mwingine alileta ombi lilelile. Puttamma alikuwapo, akanyamaza makusudi. Aliyejibu ni Mubeena, mwanafunzi wake wa mwisho, bila hata kuzima kerezo: "Bwana, hapa tunakereza. Wapuliza rangi wako gereji, wana malori yao." Mnunuzi akakuna kichwa, akaagiza vichezeo mia mbili vya lakiri.

Jioni hiyohiyo Puttamma alikuja ofisini akatutajia tarehe ya kustaafu.

Dada Puttamma, asante. Umetuachia kazi nyingi na watu wa kuifanya. Tunakuombea siku tulivu, mabega yasiyouma, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, hata sisi.