Mishikaki ya Kitori

Baada ya alasiri, benchi la Khamis muuza kahawa halikosi watu. Liko pembeni ya duka lililofungwa, Bagamoyo mjini, na wenyewe ni watatu: Rajabu, waliyempa jina la Gugo kwa kuwa tangu azaliwe hajasema "sijui"; Pazi fundi cherehani, wanayemwita Sindano; na Mwishehe. Leo Mwishehe kaja na hotpoti la mishikaki ya kuku aliyoichoma mwenyewe, na mishikaki yenyewe, Mungu amsamehe, nje imeungua, ndani mibichi. Siku ya tisa hii mkewe, Sihaba, yuko kwao Kaole.

— Sindano, onja basi. Nikimpelekea hii atarudi?

— Ukimpelekea hii atadai talaka.

Wakacheka. Mwishehe hakucheka.

— Kosa lako mkaa, akasema Gugo. Yakitori haitaki moshi hata chembe.

— Ya Kitori? akauliza Sindano. Kitori ndiye nani?

— Mpishi wao mkuu kule Japani. Marehemu sasa. Alikuwa akigeuza mshikaki mara mia, tena kwa mkono wa kushoto.

— Ala! Na kuku?

— Kuku wao hatembei, anabebwa. Anapigiwa muziki mpaka nyama inalegea. Huyu wa Mwishehe kashinda akikimbizana na bodaboda, atalainika saa ngapi?

— Mie nasikia kabla hajachinjwa wanamwomba radhi, akasema Sindano.

Neno hilo likamchoma Mwishehe. Kuku wa watu anaombwa radhi, na yeye mkewe hajamwomba.

Sihaba alijifunza pishi lile la yakitori, mishikaki ya kuku ya Kijapani, kwenye simu. Alichonga vijiti vya chelewa kwa mkono wake, akatafuta soya sosi, tangawizi na vitunguu majani, akawaalika shangazi zake wawili. Siku hiyohiyo, hapa hapa benchini, Gugo alisema mchuzi wa Kijapani bila pombe hauwi mchuzi. Mwishehe akatoka mbio mpaka nyumbani, na kweli, pembeni ya jiko akaikuta chupa ya pombe kali, lebo na yote. Bakuli la mchuzi akalimwaga mchangani. Chupa akaivurumisha shimo la taka bila hata kuinusa. Shangazi wanatazama.

Sihaba alisema neno moja tu: "Ionje kwanza, baba Wahida."

Naye akamjibu kwa sauti iliyosikika mtaa mzima: "Unataka kunionjesha haramu?"

— Kumwaga nilikuwa na haki, akasema sasa. Lakini si mbele za watu. Najuta, jamani. Nyumba hailaliki.

— Pombe ni pombe, akasema Gugo. Usijilaumu.

Hapo akafika kijana anasukuma baiskeli yenye tenga nyuma.

— Asalaam aleikum. Shikamooni, wazee wangu.

— Waaleikum salaam. Marahaba.

— Mie Seleman, natoka Mkange. Kwa Sihaba ni wapi? Nimemletea asali.

— Asali ya nini? akauliza Mwishehe, ameshasimama.

— Si alisema ya kupaka kuku? Ya kwanza aliinunua kwangu sokoni, akaniagiza nimletee na ya pili nyumbani.

Akachomoa chupa kwenye tenga. Ilikuwa ya pombe kali, lebo ileile.

— Asali ndani ya chupa hiyo?

— Sasa mzee wangu, sisi chupa tutazitoa wapi? Tunaokota za baa, tunaziosha, tunazichemsha. Asali yote ya kwetu inauzwa hivi.

Sindano akabaki na kashata mdomoni. Gugo akatazama ndani ya kikombe chake. Khamis akainamisha birika, yakatoka matone mawili.

— Ile chupa ya kwanza, akauliza Seleman, aliipenda?

 

Mwishehe akaipokea chupa, akafungua kizibo, akachovya kidole. Akaonja, siku tisa baada ya kuambiwa, na machozi yakamtoka mchana kweupe.